John Milne na Hela za Kusikiliza Ardhi

Waliosoma jiolojia au uhandisi hapa chuoni wamekutana na John Milne mara moja tu: slaidi ya mwaka wa kwanza, picha ya mzee mwenye masharubu mazito, mstari mmoja kwamba ni miongoni mwa waliotengeneza sismografu ya kisasa, halafu mhadhiri anabonyeza slaidi inayofuata. Mimi nimekaa na mzee huyu muhula mzima. Sababu ni pendekezo la utafiti tuliloandika wanafunzi watatu kuhusu ardhi ya Kariakoo, nitalifikia baadaye. Kadiri nilivyosoma maisha yake ndivyo nilivyoona kwamba mashine hazikumsumbua sana. Kilichomla miaka ni kuwashawishi wenye hela walipie kitu ambacho faida yake haionekani mpaka siku nyumba zinapoanguka.

Alizaliwa Liverpool, Uingereza, tarehe 30 Desemba 1850, akakulia upande wa Rochdale. Akasoma London, kwanza King's College, kisha Royal School of Mines, yaani chuo cha madini. Akiwa na miaka ishirini na kitu alishafanya kazi ya madini huko Newfoundland, na mwaka 1874 akafuatana na msafara uliokwenda jangwa la Sinai kuutafuta mlima wa Musa. Mtu wa kukaa ofisini hakuwa. Mwaka 1875 akapata ajira kwa serikali ya Japani: profesa wa jiolojia na madini katika Chuo cha Kifalme cha Uhandisi, Tokyo.

Hapa niseme kidogo kuhusu Japani yenyewe, maana bila hiyo maisha ya Milne hayaeleweki. Baada ya mwaka 1868 serikali mpya iliamua kwamba nchi haitaachwa nyuma, ikaajiri wataalamu wa kigeni kwa mamia. Iliwalipa vizuri, kwa mikataba yenye mwisho, ikiwa na lengo kwamba Mjapani aliyefundishwa na mgeni ashike nafasi ya mgeni. Huo haukuwa msaada wa mtu. Ni serikali iliyokwenda sokoni na hela yake mwenyewe kununua maarifa, na ilijua inanunua nini.

Milne alikuwa haiwezi bahari. Meli ikiyumba kidogo tu, kazi imekwisha. Kwa hiyo badala ya kupanda meli kama watu wengine, alikata nchi kavu: Urusi, Siberia, Mongolia, China, kwa farasi, ngamia na magari ya kukokotwa, kwenye baridi ya kuua mtu. Akaingia Tokyo Machi 1876. Husimuliwa kwamba usiku wake wa kwanza ardhi ilitetemeka. Kama ni kweli au imetiwa chumvi, kwa Tokyo halishangazi.

Mwanzoni alifundisha madini na kuzunguka kwenye volkano. Kilichombadilisha ni tarehe 22 Februari 1880, tetemeko lilipopiga Yokohama. Halikuwa la kutisha sana kwa viwango vya Japani. Lilivunja mabomba ya moshi na kupasua kuta. Lakini liliwapata wageni wasomi wengi mahali pamoja, wote wakiwa na hofu na maswali. Mwaka huohuo wakaunda Jumuiya ya Sismolojia ya Japani, ya kwanza duniani ya aina yake, na Milne ndiye aliyekuwa injini yake. Pamoja na James Ewing na Thomas Gray alitengeneza vyombo vilivyoweza kuchora mwendo wa ardhi kwa mpangilio, sekunde baada ya sekunde. Kabla ya hapo vyombo vingi viliweza kusema tu kwamba kuna kitu kimetikisika.

Nani alitengeneza kipi ni ugomvi uliowachukua watatu hao miaka, na sitauingilia. Ninachokipenda mimi ni jambo la bei rahisi zaidi. Milne alituma mafungu ya kadi za posta kwenye miji na vijiji vya kuizunguka Tokyo, umbali wa kama maili 100, akiomba zirudishwe kila wiki zikieleza mitikisiko iliyosikika. Basi. Kadi zilivyorudi akaona mitikisiko mingi inatoka upande gani, akajua pa kupeleka vyombo vyake vichache. Pia alilipua baruti na kuangusha vyuma vizito ili kupata tetemeko lake binafsi, kupima mtikisiko unavyosafiri kwenye udongo laini na kwenye udongo mgumu. Majirani sijui waliishi naye vipi.

Mwaka 1881 alimwoa Tone Horikawa, binti wa mkuu wa hekalu la Kibudha kule Hakodate. Wakati Wazungu wengi wa huko walikaa na kuondoka bila kujifunga, yeye alijifunga kwa maisha. Na lengo la serikali halikupotea: mwaka 1886 Sekiya Seikei, Mjapani, aliyekuwa amefanya kazi na wageni hawa, akawa profesa wa sismolojia katika Chuo Kikuu cha Tokyo, wa kwanza duniani kuwa na cheo hicho.

Kisha ikaja tarehe 28 Oktoba 1891. Asubuhi, mikoa ya Mino na Owari katikati ya Japani ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa karibu 8. Walikufa zaidi ya watu 7,000 na nyumba zaidi ya laki moja zikaanguka. Reli zikapinda, na daraja jipya la chuma kwenye mto Nagara likaporomoka. Viwanda vya matofali vilivyojengwa kwa mtindo wa Kizungu, vilivyokuwa fahari ya maendeleo, viliwaangukia wafanyakazi. Milne alikwenda kule na mhandisi W. K. Burton, wakatoa kitabu cha picha ambacho mpaka leo ukikitazama unanyamaza.

Mwaka uliofuata, 1892, serikali ikaunda Kamati ya Kifalme ya Uchunguzi wa Matetemeko. Mtaalamu wa hisabati Kikuchi Dairoku alilipigania jambo hilo bungeni, na Milne akawekwa kwenye kamati. Fedha za serikali, kila mwaka, si kwa ajili ya kuwapa wahanga blanketi bali kwa kazi ya kuchunguza: nyumba ijengwe vipi, udongo gani ni hatari, historia ya nchi inasema nini. Kwa ninavyojua, hakuna serikali iliyokuwa imefanya hivyo kwa kiwango kile. Milne na wenzake walikuwa wamepiga kelele miaka 11 kabla ya hapo. Hela ilisikia pale maiti zilipohesabiwa.

Nimejaribu kutafuta nchi iliyofanya kinyume, sijaipata. Japani hiyohiyo ilianzisha taasisi kubwa ya utafiti wa matetemeko Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka 1925, baada ya Tokyo na Yokohama kuteketea mwaka 1923 na watu zaidi ya laki moja kufa. Marekani ilipitisha sheria ya mpango wa taifa wa kupunguza hatari za matetemeko mwaka 1977, baada ya Alaska 1964 na San Fernando 1971. Mpango huo ndio unaotoa ruzuku kwa vyuo vyao hadi leo. Kwetu, tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliua watu 17 Kagera, likabomoa nyumba na shule, Ihungo ikiwemo. Michango ilikusanywa nchi nzima na Ihungo ikajengwa upya. Swali la kituo cha kupimia kinachofanya kazi mwaka mzima, pamoja na mshahara wa mtu wa kukiangalia, halikuchangisha hela kwa kasi ileile. Tofali linapigwa picha siku ya uzinduzi. Karatasi ya sismografu utampigia nani picha?

Turudi kwa Milne. Februari 1895 nyumba yake Tokyo iliungua na kila kitu: vyombo, maktaba, nakala za majarida ya jumuiya, kumbukumbu za miaka. Alikuwa na miaka 44. Mwaka huohuo akaondoka na Tone pamoja na msaidizi wake, kijana Hirota Shinobu. Mfalme alimpa nishani na pensheni ya yen 1,000 kwa mwaka. Shikeni hiyo pensheni kichwani.

Walihamia kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza, kwenye nyumba iitwayo Shide Hill House karibu na mji wa Newport. Uingereza haina matetemeko ya maana. Watu walimwona kama mtu anayefuga samaki jangwani. Lakini Milne alikuwa na wazo. Mwaka 1889 Mjerumani Ernst von Rebeur-Paschwitz alikuta kwenye vyombo vyake vya Potsdam na Wilhelmshaven mstari uliotikisika, na alipolinganisha saa akagundua kwamba ni tetemeko la Japani lililopita ndani ya dunia mpaka Ujerumani. Kumbe huhitaji kuishi kwenye tetemeko ili kulipima. Unahitaji vyombo vinavyofanana, saa zinazokubaliana, na watu wa kutumiana karatasi.

Ndipo ikaanza kazi ya kuomba. Jumuiya ya Uingereza ya Kuendeleza Sayansi ilikuwa na kamati ya matetemeko, na Milne akiwa katibu wake alirudi kila mwaka na ripoti mkononi kuomba ruzuku ya mwaka mwingine. Ruzuku zilikuwa ndogo. Tajiri mmoja, M. H. Gray, alitoa pauni 1,000, na hiyo ilikuwa mvua ya masika. Mengine yalitoka mfukoni kwa Milne, yaani sehemu yake ni ile pensheni ya Japani. Fikiria: mtandao uliokuwa ukiihudumia himaya kubwa kuliko zote duniani, nyumbani kwa mzee, kwa msaada wa hela ya serikali ya Tokyo.

Alijua kuuza hoja, na hapa wenzangu wa mapendekezo chukueni kalamu. Alipoona kwamba mitetemeko haimshtui mwenye bajeti, alizungumza habari za nyaya za simu chini ya bahari. Miaka hiyo biashara na vita vyote vilitegemea nyaya hizo. Huku kwetu Zanzibar ilikuwa imeunganishwa na Aden na Durban tangu mwaka 1879. Waya ukikatika ghafla, gavana wa koloni hajui kama ni adui ameukata au ni bahari yenyewe. Milne alionyesha kwamba baadhi ya nyaya zilikatika saa zilezile sakafu ya bahari ilipotikisika. Kwa hiyo kuwa na sismografu ni kujua kama uanze kuogopa au utume meli ya mafundi. Hoja hiyo iliingia akilini kuliko kurasa zote za sayansi.

Vituo vikaongezeka: Cape Town, Mauritius, Cairo, Bombay, Toronto, Wellington na kwingine, karibu 40. Chombo chake kimoja kilikwenda hadi Antaktika na kapteni Scott kwenye meli ya Discovery mwaka 1901. Karatasi zilirudi Shide, Hirota na Milne wakazisoma, wakachapisha orodha na kuzituma kwa kila aliyezitaka. Wakati mwingine waandishi wa habari walipewa taarifa ya tetemeko la mbali siku kadhaa kabla simu ya maafa haijafika London. Aliandaa pia orodha ya matetemeko haribifu tangu karne ya kwanza hadi mwaka 1899, kazi ya subira ambayo hakuna anayeitolea tuzo.

Nisimpambe. Pendulumu yake haikuwa na kizuizi cha kuituliza, kwa hiyo ikishatikisika inaendelea kucheza yenyewe na kuchafua mchoro. Wiechert kule Ujerumani na Galitzin kule Urusi walitengeneza vyombo bora zaidi, na Milne alibaki na vya zamani. Wapo wanaosema ulikuwa ubishi. Mimi naona na hesabu: ukiwa na vituo 40 na ruzuku ya mwaka kwa mwaka, kubadilisha vyombo vyote si uamuzi wa kisayansi, ni uamuzi wa mfuko. Na mtandao wenyewe ulifuata ramani ya himaya ya Waingereza. Tanganyika, iliyokuwa ya Wajerumani, haikuwa kwenye hesabu zake.

Lakini dunia haina mipaka chini. Tarehe 13 Desemba 1910, mchana, ardhi ya kusini-magharibi, kati ya ziwa Rukwa na ziwa Tanganyika, ilitikisika kwa ukubwa ambao sasa unakadiriwa 7.4. Ni miongoni mwa matetemeko makubwa kabisa ya Afrika ya karne nzima. Eneo lilikuwa na watu wachache, nyumba za miti na nyasi zikahimili, za tofali zikaharibika, na habari ikaishia kwa wamisionari na maofisa. Dar es Salaam ya wakati huo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani. Kariakoo haikuwa hata na jina hilo, ambalo lilikuja na kambi ya wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza. Hata hivyo, vyombo vya nchi za mbali viliuchora mtikisiko ule. Miaka kama 80 baadaye Nicholas Ambraseys na wenzake walizifukua karatasi na barua za zamani na kukokotoa ukubwa wake. Ukisoma leo ramani yoyote ya hatari za tetemeko Tanzania, siku ile ya Rukwa imo ndani. Imo kwa sababu kuna watu walikuwa wakilipa mafuta ya taa na karatasi ya picha kila siku, kwenye miji ambayo siku nyingi haikutokea kitu.

Milne alifariki tarehe 31 Julai 1913 kwa ugonjwa wa figo, akazikwa huko kisiwani. Tone alikaa miaka michache, kisha akarudi Hakodate, akafia kwao. Profesa H. H. Turner wa Oxford aliichukua kazi ya orodha, ikawa muhtasari wa kimataifa, na tangu mwaka 1964 inaendeshwa na Kituo cha Kimataifa cha Sismolojia, Uingereza. Orodha hiyo iko wazi. Mwenye bando anaisoma.

Sasa Kariakoo. Shangazi yangu ana chumba cha vitenge ghorofa ya nne, Mtaa wa Aggrey. Jumatano ya tarehe 12 Agosti 2020, baada ya saa mbili usiku, tetemeko la ukubwa wa karibu 6 lilitokea baharini kusini-mashariki mwa jiji. Shangazi alikuwa bado anapiga hesabu. Marobota yalisogea, yeye akashuka ngazi pekupeku. Hakuna jengo lililoanguka usiku ule, tumshukuru Mungu. Lakini hapa katikati ya jiji majengo huanguka yenyewe, ardhi ikiwa imetulia: Mtaa wa Indira Gandhi Machi 2013, watu zaidi ya 30, Kariakoo Novemba 2024, zaidi ya 20. Mji wa namna hiyo ukitikiswa sawasawa itakuwaje? Udongo laini hutikisika kuliko mwamba, Milne alishalipima hilo kwa baruti, na Kariakoo ni jirani wa bonde la Msimbazi.

Sisi watatu tuliomba hela ya kukodi chombo na kupima mtetemo wa kawaida wa ardhi kutoka Jangwani mpaka Mnazi Mmoja. Jumla haikufika bumu la watu watatu la semista moja. Mfuko mmoja ulitujibu kwa kutuuliza Dar es Salaam iliwahi kubomolewa na tetemeko lini. Si swali la kijinga, ndilo swali aliloulizwa Milne maisha yake yote.

Na mnisielewe vibaya, serikali yetu ina milango. COSTECH ipo pale kituo cha daladala cha Sayansi, ambacho kimepata jina kwake, na ina mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia. Nchi za Afrika zilikubaliana asilimia 1 ya pato la taifa iende kwenye utafiti. Wanajiolojia wa serikali wapo Dodoma. Ila mengi tunayoyajua kuhusu miamba iliyo chini ya nchi hii yalitokana na vituo 20 vya muda vilivyowekwa mwaka 1994 na 1995 kwa ruzuku ya serikali ya Marekani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikishirikishwa. Mradi ulipoisha, vyombo vikafungashwa. Aliyelipa ndiye aliyechagua swali, na swali lake halikuwa ghorofa za Mtaa wa Aggrey.

Tukaamua kuanza na kadi za posta, yaani daftari. Tunapita duka kwa duka: usiku ule wa Agosti ulikuwa ghorofa ya ngapi, ulikuwa unafanya nini, nini kilianguka, ndoo ya maji ilimwagika, mlango uligoma? Madaftari mawili yamejaa. Waliokuwa chini wengi wanakumbuka kelele za watu, waliokuwa juu wanakumbuka jengo. Kuna mzee wa Mtaa wa Congo alitukatalia kabisa akidhani ni watu wa kodi, kisha akatuita turudi akatuchorea ufa wa ukuta wake kwa chaki.

Jumamosi tunaanzia Mtaa wa Swahili kushuka Msimbazi, saa tatu asubuhi, kabla joto na wateja hawajabana. Anayemjua mlinzi aliyekuwa zamu kwenye ghorofa usiku ule, amlete. Walinzi wanakumbuka kuliko wenye maduka, maana walikuwa macho na hawakuwa na pa kukimbilia.